Kidonge cha Minyoo Peke Yake Hakitoshi



Ndugu wazazi na wanafunzi, hapa Kampala mvua kubwa hunyesha mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Mvua zikija tunazungumza juu ya mafuriko ya Bwaise na Kalerwe, na juu ya malaria. Kuna jambo jingine linaloingia matumboni mwa watoto wetu kimyakimya, nalo ni minyoo.

Wapo wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya vijijini. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao bilioni 1.5 wana minyoo inayoambukizwa kwa njia ya udongo. Hapa jirani, utafiti ulioanza Entebbe mwaka 2003 kwa wajawazito zaidi ya 2,500 ulikuta kuwa karibu 45 katika kila 100 wana safura. Safura hunyonya damu. Mama mjamzito aliyepungukiwa damu yuko hatarini, na mtoto aliyepungukiwa damu husinzia darasani akaitwa mvivu.

Mvua inahusikaje? Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, na huhitaji udongo wenye joto na unyevu ili yakomae. Katika mabonde yetu maji yako karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo shimo la choo haliendi mbali. Ikinyesha, vyoo hufurika, na wako watu wanaosubiri mvua ili wafungulie uchafu wa choo uende na maji mtaroni. Mabuu ya safura huwa tayari baada ya siku 5 hadi 10 hivi, na humwingia mtoto kupitia ngozi ya nyayo. Mayai ya ile minyoo mirefu ya mviringo huchukua wiki mbili hadi nne kukomaa, na huweza kukaa udongoni miaka. Yakishamezwa, minyoo huhitaji miezi miwili hadi mitatu kukua. Basi mtoto anayelia tumbo Januari huenda aliyapata mayai katika mvua za Novemba.

Serikali hugawa dawa za minyoo kwa watoto mwezi wa Aprili na Oktoba. Ni neema, na tusiwafiche watoto wetu kwa sababu ya uvumi. Lakini kidonge huua minyoo iliyomo tumboni; hakimkingi mtoto na mayai atakayoyala wiki ijayo. Kutegemea kidonge peke yake ni kuchota maji mtumbwini bila kuziba tundu. Ndugu zetu wa Pemba wamekuwa wakigawiwa dawa hizi mashuleni tangu miaka ya 1990. Minyoo mingi ya kutisha imepungua sana, lakini minyoo haijatoweka.

Sasa tuangalie nyumbani kwetu, yaani madrasa na misikiti. Watoto huvua viatu mlangoni, huenda chooni na kwenye bomba la udhu miguu mitupu, kisha hula pamoja sinia moja. Mtu husema, "Mwanangu anatawadha mara tano kwa siku, minyoo itamtokea wapi?" Udhu ni ibada na maji yake ni twahara, lakini mkono uliofanya istinjai unahitaji sabuni, na kucha ndefu huficha mayai. Mtume (s.a.w.) alihesabu kukata kucha kuwa ni katika mambo ya fitra, na katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa zisiachwe kupita siku 40. Abu Daud naye amepokea katazo la kujisaidia kwenye maji, njiani na kivulini pa watu. Basi nasema wazi: Muislamu anayefungulia choo chake mtaroni anamdhulumu jirani aliye bondeni, hata kama hakosi safu ya kwanza msikitini.

Napendekeza haya:

1. Kila madrasa iweke kandambili za chooni na za mahali pa udhu, na sabuni isikosekane. Mambo haya yatangulie zulia jipya na rangi ya ukuta.

2. Kucha za watoto zikaguliwe kila Ijumaa.

3. Kamati za misikiti zichangishe fedha za kunyonya vyoo kwa gari kabla ya Machi na kabla ya Septemba, wala zisisubiri vifurike.

4. Mjamzito asijinunulie dawa ya minyoo dukani. Aulize kliniki, kwani katika miezi mitatu ya mwanzo hapewi.

Haya hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Jozi ya kandambili tunaimudu, na mtoto ni amana tutakayoulizwa.

Twamuomba Allah awalinde watoto wetu na atuwafikishe kutenda tunayoyasema. Amin.

Wabillahi Tawfiq.