Kamua Kwanza, Kausha Baadaye



Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo mgeni wa lugha huvichanganya. Kuanika ni kutandaza kitu juani au penye hewa ili kikauke. Kuanua ni kukiondoa pale kilipoanikwa, ama kwa kuwa kimekwisha kukauka, ama kwa kuwa wingu limetanda na mvua yaja. Kukausha ni kukitoa kitu maji kwa njia yoyote ile, hata kwa moto. Ukisema “nimekausha nguo juani” utaeleweka, lakini mzee aliyelelewa na Kiswahili atakusahihisha kwa upole: umezianika. Wenzetu wa Dzaleka wenye Kinyarwanda au Kirundi watatambua mara moja kwanika na kwanura, na wenyeji wetu Wachewa wanayo kuyanika yao. Ni lugha za watu ambao tangu kale walilitegemea jua, wakaweka na neno la kukimbilia kamba mvua inapoanza.

Nayakumbusha haya kwa kuwa swali lililozuka katika darasa letu la jioni hapa Mchesi lilihusu kukausha, si kuanika. Familia moja yenye watoto watano na bibi mmoja imeahidiwa na ndugu yao aliye ng’ambo fedha za kununua mashine ya kukaushia nguo, ile yenye pipa linalozunguka huku likipulizwa hewa ya moto. Wakaniuliza: Mwalimu, tuchague ipi isiyokula umeme? Nina rai yangu, na naitoa wazi tangu mwanzo ili asiyependa aanze kujiandaa kunipinga. Kwa nyumba nyingi za Mchesi, na kwa karibu nyumba zote za Dzaleka, fedha za kwanza ziende kwenye mashine ya kukamulia na paa la kuanikia. Mashine ya joto ije mwisho, kwa mwenye haja nayo hasa, na ikija iwe ya aina moja tu nitakayoitaja.

Haja yenyewe siikatai. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua za Lilongwe hazimwulizi mtu ratiba yake, na Januari nguo yaweza kukaa kambani siku tatu, ikaanuliwa ikiwa bado mbichi na yenye harufu ya uvundo. Mtoto mwenye sare moja huivaa ikiwa na unyevu. Mama mwenye mtoto mchanga huhesabu nepi kama mtu ahesabuye sarafu. Tena kuna inzi ambaye watu wengi wa kusini mwa Afrika humwita putsi, na wanasayansi humwita Cordylobia anthropophaga. Huyu hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini, nayo mayai yakianguliwa, funza wake hupenya katika ngozi ya mvaaji na kufanya jipu. Ndiyo maana wazazi wetu walisisitiza pasi ya makaa hata kwenye shuka na nguo za ndani. Kwao pasi ilikuwa kinga kabla ya kuwa pambo.

Lakini kuna njia ya kukaushia nguo ambayo inanitisha kuliko inzi huyo. Usiku wa mvua watu huingiza jiko la makaa chumbani, huizungushia viti, hutundika nguo juu ya viti hivyo, kisha hufunga dirisha ili baridi isiingie. Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Aliye macho huumwa kichwa na kusikia kizunguzungu. Aliyelala huenda asiamke. Wanafunzi wangu, jiko la makaa halilali chumbani na watu. Likiwa na nguo au bila nguo, halilali chumbani.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana bila hesabu rai hii itakuwa maneno matupu. Ili lita moja ya maji igeuke mvuke, inahitaji takriban theluthi mbili za yuniti moja ya umeme, ikiwa joto lote litatoka kwenye umeme. Hilo ni umbile la maji lenyewe. Hakuna kiwanda, kiwe cha Ujerumani au cha China, kinachoweza kulibadili. Chukua nguo za pamba za kilo tano zilizokamuliwa kwa mikono. Mikono yetu, hata ya mwanamke aliyezoea kazi, huacha maji ambayo uzito wake hukaribia uzito wa nguo zenyewe. Basi ukiziingiza katika mashine ya kawaida ya joto, unaigharamia ivukize lita kama tano. Hizo ni yuniti tatu na kitu, kabla hujahesabu joto linalopotea. Kwa yuniti tatu na nusu, taa ndogo ya wati tano ingewaka saa 700. Mwanafunzi anayesoma saa tano kila usiku angesoma usiku 140 kwa umeme wa kukaushia furushi moja la nguo.

Mashine ya kukamulia hufanya kazi nyingine kabisa. Haivukizi maji, huyatupa nje kwa kuizungusha nguo kwa kasi kubwa. Ile iendayo mizunguko 1,400 kwa dakika huweza kuacha maji nusu tu ya uzito wa nguo za pamba; ile ya mizunguko 800 huacha zaidi, kama theluthi mbili au zaidi kidogo. Mota yake ndogo ikifanya kazi dakika tano haifikii hata sehemu ya kumi ya yuniti. Yaani lita mbili na nusu za maji zimeondoka kwa umeme ambao ni vigumu kuuona kwenye mita, ilhali kuziondoa kwa joto kungemeza yuniti moja na nusu au zaidi. Hapa ndipo unafuu ulipo, na ndipo wauzaji hawapendi tuangalie, kwa sababu mashine ya kukamulia haina taa nyingi za kumetameta. Huuzwa peke yake, au ikiwa pipa la pili la mashine zile za kufulia zenye mapipa mawili.

Atatokea wa kusema kwamba mwalimu anawanyima akina mama starehe, kwamba wanaume daima huhubiri kubana matumizi kwenye kazi zisizo zao. Nalikubali shutumu hilo kwa sehemu, kwa kuwa mara nyingi ni kweli. Ila waulizeni hao akina mama wenyewe ni sehemu gani ya kufua inayovunja mgongo na vifundo vya mikono. Hawatakuambia ni kuning’iniza nguo kambani. Watakuambia ni kukamua mablanketi. Mashine ninayoipigia debe huondoa kazi hiyo hasa.

Pili, umeme wa nchi hii tunaugawana, na sehemu yake kubwa hutoka katika mto mmoja. Vituo vya Nkula, Tedzani na Kapichira vyote vinakunywa maji ya Mto Shire. Januari 2022 Kimbunga Ana kilibomoa bwawa la Kapichira, kituo chenye uwezo wa karibu megawati 130, na Malawi ikapoteza zaidi ya robo ya umeme wake kwa zaidi ya mwaka mmoja. Waliokuwapo wanakumbuka giza lile. Hata siku za kawaida, Wamalawi wengi hawajafikiwa na umeme wa gridi. Wenye nao ni wachache kuliko hao. Anayewasha wati 2,500 saa ya jioni, wakati kila mtu anapika na kuwasha taa, anavuta kamba moja na hospitali na kinu cha unga. Sisemi hana haki. Nasema ni jambo la raia kulifikiri, kama tunavyofikiri kuhusu maji ya bomba la pamoja.

Dzaleka hesabu ni kali zaidi. Kambi hiyo ya wilaya ya Dowa ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kama 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, na wengi wao taa yao ni ya jua. Paneli ya wati 50, siku ikiwa nzuri, huleta kama robo ya yuniti. Ingehitaji wiki mbili nzima kukausha furushi lile la kilo tano, na hiyo ni katika msimu wa jua, wakati ambapo hakuna anayehitaji mashine.

Kwa hiyo paa. Atokaye Lilongwe kwenda Dowa hupita mabanda ya tumbaku aina ya burley, majani yakining’inia kwa safu chini ya nyasi au plastiki, pande zote wazi. Hakuna moto ndani yake. Upepo na kivuli vinafanya kazi yote. Nguo zilizokamuliwa vizuri hazihitaji zaidi ya hivyo: nguzo nne, bati mbili au tatu ambazo moja yake ni ile angavu ipitishayo mwanga, kamba zilizoachana kiganja kimoja, na pande zilizo wazi. Ua wenye nyumba sita ungeweza kuwa na banda moja na mashine moja ya kukamulia, na watu wakagawana zamu. Mwenye nyumba anayekusanya kodi ya nyumba sita na kukataza kamba uani kwa sababu “zinaharibu sura” aombwe, kwa adabu na kwa pamoja, atoe nafasi ya nguzo nne.

Kuna jambo lingine ambalo wenzetu wakimbizi wanalielewa bila kuelezwa. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na mitaa kama hii yetu ikawaona majirani wakifungasha kwa siku chache. Mtu asiyejua mwakani atalala wapi asinunue mashine ya kilo 50 iliyofungwa ukutani kwa bomba. Mashine ndogo ya kukamulia watu wawili huibeba.

Nimeahidi kutaja aina moja ya mashine ya joto. Zipo za namna mbili za zamani: ile inayotoa mvuke nje kwa bomba, na ile inayougeuza mvuke kuwa maji ndani ya chombo. Zote hupasha hewa kwa waya wa moto, kisha joto lile hupotea. Ya tatu ina pampu ya joto, yaani ufundi uleule wa jokofu: hulichukua joto la hewa yenye unyevu na kulirudisha tena kwenye pipa badala ya kulitupa. Hutumia kama nusu ya umeme wa zile nyingine, mara nyingi hata chini ya nusu. Uswisi tangu 2012 haikubali zilizo duni kuliko hiyo, na Umoja wa Ulaya umefuata tangu tarehe 1 Julai 2025. Nalo ndilo linalonitia wasiwasi. Zile ambazo Ulaya haizitaki tena hazitayeyuka. Nahofia zitapakiwa melini pamoja na mitumba mingine, zitufikie kwa bei ya kuvutia, na wahenga walikwisha kusema rahisi huvunja upishi. Malawi ina Sheria ya Kulinda Mlaji ya mwaka 2003. Ningependa kuona lebo ya matumizi ya umeme ikiwa sharti kwa kila mashine ya joto inayoshushwa dukani, mpya au kuukuu, na iandikwe kwa lugha ambayo mnunuzi anaisoma.

Pampu ya joto nayo ina kasoro zake. Ni ghali, hukausha polepole, na ikiharibika inataka fundi wa majokofu, si fundi wa kila kitu. Kwa hiyo naiona ikiwafaa wenye nguo nyingi za kila siku: dobi, nyumba ya wageni, wodi ya wazazi, pengine na nyumba yenye mgonjwa asiyeinuka kitandani.

Kama ile familia yangu ya watoto watano bado inaitaka baada ya haya yote, wala sitawalaumu maana bibi yao ni mgonjwa, basi waende dukani na nguo zao. Wazikamue kwanza kwa mashine. Wamwombe muuzaji aichomeke mashine yake kwenye soketi ya ukutani, si kwenye waya wa kuunganishia ulio mwembamba kama kamba ya viatu, kwa kuwa huo hupata moto na kuwaka. Wazime vingine vyote vinavyozimika, wasome yuniti zilizobaki kwenye mita, waiwashe hadi nguo zikauke, kisha wasome tena. Lebo yaweza kubandikwa na yeyote, ila mita ya dukani huenda kwa fedha za muuzaji, na akikataa kuijaribu watakuwa wamekwisha kupata jibu.