Bandari Haijafa

Washairi wetu wana mazoea mabaya, nami sijitoi humo. Kila tuitajapo bandari ya Mji Mkongwe wa Unguja, huiandikia tanzia. Twamlilia nahodha aliyekwenda na kusi asirudi na kaskazi, kana kwamba bahari imeshazikwa nasi tumebakia kusoma hitima.

Waungwana, teremkeni Malindi alfajiri, maji yakijaa. Ubavuni mwa gati lililojengwa katika miaka ya 1920, majahazi na mashua yangali yakitia nanga na kushusha mbao na boriti. Kweli, mengi sasa yana mashine. Je, hiyo ndiyo sababu ya kuyazika yakiwa hai? Hamali mwenye gunia begani haingii katika shairi, eti hapendezi. Jahazi lililochorwa kwenye picha za kuuzia wageni laingia mbio.

Tangu mji ulipotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, mazungumzo yetu ni kuta, milango na roshani. Ni haki yake. Beit el-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu; nani atathubutu kusema kuta si kitu? Lakini ni bandari iliyouleta mji huu, si mji ulioileta bandari. Ukiziponya nyumba zote kisha ukamwondoa baharia ili mgeni apate pa kutembelea jioni, umehifadhi kombe, chaza hayumo.

Na lugha je? Foromali, mkuku, ngama, kalafati: maneno haya twayaokota kamusini, ilhali Malindi yasemwa kwa ukali, mtu akigombana na mwenzake juu ya kazi. Mimi mwenyewe niliwahi kutunga jahazi likirejea Arabuni kwa kaskazi. Baharia mmoja akanicheka kweupe: kaskazi ndiyo iliyalileta, bwana, kusi ndiyo hulirudisha! Beti zilikuwa na vina na mizani timamu, na zilikuwa za uongo.

Basi anayetaka kuilingania bandari na aache kwanza kuililia. Siku ufukwe ule utakapopangwa upya, wataitwa wajenzi, wafadhili na wenye mahoteli. Tudai kwa sauti kwamba nahodha, fundi wa kalafati na hamali wapewe viti mbele yao, na sisi washairi tukae nyuma, tusikilize.