Siri za Ulinzi na Haki ya Mwananchi Kujua

Sisi wakazi wa Eastleigh, Mathare na Pumwani ni majirani wa kambi ya jeshi la anga tangu zamani. Tarehe 1 Agosti 1982, baadhi ya wanajeshi hao walipojaribu kuipindua Serikali, Nairobi ilionja risasi. Kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa kwamba jeshi lina siri zinazostahili kulindwa. Mipango ya ulinzi, mitambo ya mawasiliano, silaha na mahali zilipo si bidhaa ya kuuziwa jasusi wa nchi yo yote. Auzaye hayo ni msaliti.

Lakini twauliza: hiyo Sheria ya Siri Rasmi ya mwaka 1968, yenye kifungo cha hadi miaka 14, imemzuia nani? Mwaka 2004 Mheshimiwa Maoka Maore alifichua Bungeni habari za mkataba wa pasipoti mpya. Ikafuata mingine: maabara ya uchunguzi wa jinai, meli ya jeshi la wanamaji, ikahesabiwa 18. Ilikuwa imefunikwa kwa jina la usalama wa taifa. Anglo Leasing, iliyopewa kandarasi za pasipoti na maabara, ilikuwa na anwani Liverpool, na mwenyewe hakuonekana. Tafakari, ndugu msomaji! Mitambo ya kumtambua raia na mhalifu ilikuwa ikabidhiwe watu wasiojulikana, na mlipa kodi wa Jericho hana ruhusa hata ya kuuliza. Jasusi wa kupanda ukuta wa nini tena? Mgeni alijua; mwenye nchi ndiye aliyefichwa.

Bwana John Githongo, Katibu wa Kudumu aliyesimamia maadili, alijiuzulu Februari 2005 akiwa Uingereza. Na mwaka 2014 Hazina ililipa takribani shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni mbili za mikataba ya aina hiyo, baada ya Serikali kushindwa katika mahakama za ng'ambo.

Katiba ya 2010, kifungu cha 35, imempa raia haki ya kupata habari. Sheria ya mwaka 2016 imebagua mambo ya usalama wa taifa, nasi hatupingi. Tunalotaka ni kwamba afisa anayedai jambo ni siri athibitishe dai lake mbele ya hakimu au kamati ya Bunge. Adui hapati shabaha kwa kujua bei ya meli. Bei, jina la mwenye kampuni na aliyetia sahihi: hayo yasomwe hadharani kabla shilingi moja haijatoka Hazina.