Pemba isitupe mashine zake za dizeli

Mhariri,

Wanaobeza majenereta ya Wesha wasisahau kwamba ndiyo yaliyoibeba Pemba kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, mwaka 2010. Ndani ya silinda hewa hubanwa hadi ikawa moto mkali; dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe bila cheche, husukuma pistoni, mhimili ukazunguka, na sumaku ikizunguka kati ya nyaya za shaba umeme huzalika. Ni ghali, tena zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta hupotea kama joto. Lakini Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu, tangu Desemba 2009, njia yake ya umeme kutoka Bara ilipoharibika! Naomba Serikali itenge fedha za mashine za akiba, ziwashwe kwa majaribio kila mwezi.

Msomaji wako,
Chake Chake