Deiwaka wa Ofisini Yuko Wapi?

Dar es Salaam nzima, huenda hakuna wafanyakazi wanaojua kupumzika kuwashinda madereva wa daladala. Kauli hiyo itawachekesha waliozoea kuwaona wakikimbizana barabarani tangu alfajiri, lakini anayetaka ushahidi asimame kituoni mchana, jua likiwa utosini.

Dereva wa Gongo la Mboto amepiga tripu tangu kabla ya mapambazuko. Sasa anaegesha pembeni, anashuka, anajinyoosha mgongo. Kijana aliyekuwa kijiweni anapanda kwenye usukani. "Mwanangu, breki inavuta kushoto, usiikanyage ghafla. Mafuta yapo nusu." "Poa, bro. Hesabu imebaki ngapi?" Kiasi kinatajwa, konda anagonga bodi, gari linaondoka. Dereva anakwenda kwa mama lishe, anaagiza wali maharage, anavua viatu chini ya meza. Baada ya tripu mbili tatu atarudi kwenye kiti chake. Yule kijana ndiye deiwaka, na abiria wengi wamefika salama kwa sababu yake bila hata kujua.

Maisha hayo hayana cha kupambwa. Mtafiti Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu usafiri wa umma wa jiji hili, alieleza jinsi madereva na makonda wanavyofanya kazi saa nyingi bila mikataba, kwanza wafikishe hesabu ya mwenye gari, ndipo waanze kutafuta chao. Deiwaka mwenyewe hulipwa kutoka kwenye kile alichopata dereva. Hata hivyo watu hawa, wasio na likizo wala ofisa utumishi, wamekubaliana juu ya jambo ambalo ofisi nyingi zenye viyoyozi bado zinalikwepa: binadamu atachoka, kwa hiyo lazima awepo wa kumpokea.

Ofisini sheria ipo. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa nzima kwa aliyefanya kazi saa tano mfululizo, saa 12 za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na inayofuata, na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi. Lakini muulize mhasibu yeyote amebakiza siku ngapi, atacheka kwanza. Tano zilikwenda na msiba wa kijijini, tatu na kumpeleka mtoto bweni, nyingine "tutaziona mwisho wa mwaka". Mwisho wa mwaka kuna kufunga mahesabu.

Ari ikishuka, dawa inayoletwa haraka ni semina ya hamasa. Ukumbi unakodiwa, fulana zinachapishwa, msemaji mwenye suti ya kung'aa anawataka watu wamgeukie jirani na kumwambia "wewe ni mshindi". Watu wanacheka, wanapiga makofi, na wengine kweli wanatoka wamechangamka. Jumatatu wanakuta baruapepe zile zile, na juu yake kazi za siku waliyokuwa ukumbini. Hotuba si dhambi. Tatizo ni pale inapomwambia mtu aliyelemewa kwamba upungufu uko kwenye fikra zake, wakati upungufu ni wa watu wawili ambao idara haijawaajiri tangu waliokuwepo wastaafu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliufafanua kwa kina zaidi uchovu wa kazi uliopitiliza katika mwongozo wake wa kimataifa wa kuainisha magonjwa. Halikuuita ugonjwa, bali hali inayotokana na mfadhaiko wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa. Alama zake ni tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi hadi mtu anaanza kuibeza, na ufanisi kushuka. Hiyo ya pili ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu bosi huiona akadhani ni kiburi. Yule dada wa mapokezi aliyekuwa akimsalimia kila mgeni sasa anaonyesha kiti kwa kidevu, na badala ya kuulizwa amekaa pale peke yake tangu lini, anaandikiwa barua ya onyo.

Wala gharama haiishii kwenye tabia. Mwaka 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40. Kwa hesabu ya mwaka 2016 pekee, vifo vilivyohusishwa na saa hizo ndefu vilifika takriban 745,000. Muuza duka wa Kariakoo anayefungua asubuhi na kufunga usiku, siku sita, anazipita saa 55 kabla wiki haijaisha.

Wapo watakaosema kwamba likizo nayo haina maajabu, na hapo wana hoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu walimu wa Ujerumani ulionyesha kwamba nafuu ya likizo ilikuwa imeyeyuka ndani ya mwezi mmoja. Lakini utafiti huo huo ulikuta jambo la pili, nalo ndilo zito: kwa walimu waliorudi wakabanwa na kazi, nafuu hiyo iliyeyuka haraka zaidi. Mfanyakazi anayejua kwamba kila siku ya mapumziko inamwongezea rundo mezani hawezi kupumzika sawasawa. Anapunga upepo Pangani huku akihesabu moyoni kitakachomsubiri. Siku 28 bila wa kukupokea ni deni la siku 28.

Ajabu ni kwamba kuna sekta zilizoligundua hili, ingawa si kwa huruma. Benki nyingi duniani humlazimisha mfanyakazi kuchukua likizo ya siku kadhaa mfululizo, atake asitake, mwingine akalie kiti chake. Nia ni kukamata wizi: anayechezea vitabu huhitaji kuwepo kila siku ili kufunika nyayo. Januari 2008 benki ya Société Générale ya Ufaransa ilitangaza hasara ya euro bilioni 4.9 iliyosababishwa na biashara za siri za kijana wake, Jérôme Kerviel. Kijana huyo karibu hakuwa akichukua likizo, na mwenyewe aliwaambia wapelelezi kwamba hilo lilipaswa kuwashtua wakubwa wake. Yule "mchapakazi asiyepumzika" anayesifiwa kwenye hafla za mwisho wa mwaka anaweza kuwa mchapakazi kweli. Mkaguzi mwerevu atataka kuona faili zake akiwa hayupo.

Barabarani pia utaratibu huu una meno. Mabasi ya Tanzania yenye safari inayozidi saa nane yanatakiwa kuwa na madereva wawili. Hakuna abiria wa Mwanza au Mbeya anayelalamika kwamba dereva wa pili ni anasa, kwa kuwa kila mtu anajua usingizi wa dereva unaishia wapi. Uchovu wa mhasibu haupindui basi. Unakosea tarakimu moja kwenye mishahara, na kosa linagunduliwa baada ya miezi mitatu.

Hata ushindi unaohesabiwa kuwa wa mtu mmoja una watu wa zamu ndani yake. Tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40. Mbele na nyuma yake waliongozana wakimbiaji wa kumwekea kasi, 41 kwa jumla, wakiingia na kutoka kwa makundi. Akichoka wa mbele, mwingine yuko tayari pembeni ya barabara, amepasha misuli, anajua aingie wapi. Kipchoge mwenyewe wakati huo aliishi kambini Kaptagat, akisafisha vyoo kwa zamu kama wenzake, na mwisho wa wiki akirudi nyumbani kwa familia. Watu hunukuu maneno yake kuhusu nidhamu na kuyabandika ukutani ofisini. Ratiba yake, ambayo ndani yake mapumziko yamepangiwa siku kama yalivyopangiwa mazoezi makali, hawaibandiki.

Sasa, kwa nini ofisi haina deiwaka? Jibu la mwajiri ni fedha, na mara nyingi ni la kweli. Jibu la mfanyakazi halisemwi hadharani: hofu. Ukimfundisha mwenzako kazi yako, ukaondoka wiki tatu na mambo yakaenda, umeonyesha kwamba yanaweza kwenda bila wewe. Kwa hiyo nywila inabaki kichwani, ufunguo wa kabati unabaki mkobani, na faili muhimu linaandikwa jina ambalo mwenyewe tu ndiye anayelielewa. Kila mtu anajijengea kaufalme kake ka kutokukosekana, kisha anashangaa kwa nini simu inaita akiwa hospitalini na mgonjwa.

Anayeumia zaidi ni mwananchi upande wa pili wa dirisha. Mama aliyetoka mbali na bahasha ya vyeti anaambiwa, "Mhusika yuko likizo, njoo tarehe kumi na nane." Hakuna anayeona haya kuisema sentensi hiyo. Kituo cha daladala kingeisema kwa abiria, kwamba dereva anakula na gari halitaondoka hadi arudi, pangekuwa na vurugu. Dirishani mama anakunja bahasha yake na kutafuta nauli ya kurudi. Halafu mhusika, akirudi, anawakuta kumi na saba kama yeye kwenye benchi, na likizo yake imeisha kabla ya saa nne.

Simu nayo imeondoa ukuta uliokuwa umebaki. Kundi la WhatsApp la idara halina saa za kufunga. Ufaransa iliingiza katika sheria, kuanzia Januari 2017, haki ya mfanyakazi kutopatikana nje ya saa za kazi, na nchini Kenya seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa aina hiyo mwaka 2022. Ni hatua nzuri, ila kuzima simu kunamfaa yule tu ambaye swali litakaloulizwa usiku linaweza kujibiwa na mwingine. La sivyo ataizima, kisha ataamka saa tisa usiku kuiangalia.

Pengine jambo linalosahaulika zaidi ni kwamba kupokewa hakuleti usingizi tu, kunaleta hamu ya kazi. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walichambua karibu kumbukumbu 12,000 za kila siku zilizoandikwa na wafanyakazi 238 wa kampuni saba. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2011, kilichowapa watu moyo kuliko vingine ni kuona kazi yenye maana imesogea, hata hatua ndogo. Aliyezama kwenye rundo haoni kilichosogea. Anayelazimika kuandika makabidhiano, hili limekwisha, hili limefika hapa, hili limekwamia kwa fulani, anauona mwaka wake kwenye ukurasa mmoja, wakati mwingine kwa mara ya kwanza.

Gharama ya kuanza si kubwa kama inavyodhaniwa. Ofisa utumishi anaweza kupanga likizo zote mwezi Januari na kuandika mbele ya kila jina nani atashika nafasi, kisha wawili hao wakae pamoja siku mbili kabla ya likizo kuanza. Anayeshika apewe posho ya kukaimu kutoka kwenye bajeti ya ofisi, wala asiambiwe "tusaidiane". Na barua ya kukaimu iwe na saini ya mkuu wa idara, ili yule mama wa bahasha akifika dirishani amkute mtu mwenye mamlaka ya kugonga muhuri.