Juu ya nini kulinda mufu?

Kiisha mazoezi ya korali kijana mumoja aliniuliza: "Pasta, ule soda mwenye kusimama pa kaburi la wakubwa, anachunga nini? Mufu anaweza kukimbia?" Wenzake walicheka sana. Lakini swali lake ni la akili, na ninafikiri linatuhusu sisi wa Mubambiro kuliko watu wengine wengi.

Sisi tunajua ulinzi. Tumekua kando ya kambi. Tukisema "soda anachunga", tunaona mulango wa kambi, tunaona barieri kwenye barabara ya Sake, tunaona lori inayoteremka na mizigo kutoka Masisi. Soda analinda kitu kinachoweza kuibiwa, ao mutu anayeweza kupigwa. Ndani ya kaburi hakuna zahabu wala koltani. Basi juu ya nini kumupa kijana mwenye nguvu kazi ya kusimama hapo, jua likimupiga, asiseme neno, asifukuze hata inzi?

Tuangalie kwanza namna anavyosimama. Katika majeshi yaliyofuata desturi ya Waingereza, kama vile Tanzania, Kenya na Afrika Kusini, waaskari wanaolinda sanduku ya mufu wa heshima ao munara wa mashujaa wanasimama wanne, kila mumoja kwenye pembe yake. Bunduki inageuzwa. Mudomo wake unaelekea chini na kupumzika juu ya kiatu, mikono miwili iko juu ya kitako, kichwa kimeinama. Tena wanamupa mufu mugongo. Musifikiri ni zarau. Mulinzi hatazami anayemulinda, anatazama kule hatari inakoweza kutoka. Kwetu mudomo wa bunduki umezoea kututazama sisi tunaopita na kitambulisho mukononi. Hapo unatazama udongo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya sherehe yote, kupita tarumbeta na maua.

Wamarekani wana kaburi la askari asiyejulikana kule Arlington, karibu na Washington. Tangu mwaka 1937 halijakosa mulinzi, muchana na usiku. Anatembea hatua 21, anasimama sekunde 21, anageuka, anasimama tena sekunde 21, anarudi kwa hatua 21. Hesabu hiyo inatoka kwa mizinga 21, heshima ya juu kabisa. Bunduki anaibeba siku zote kwa bega la upande wa watu, si upande wa kaburi. Na wakati wa zamu havai alama ya cheo, maana hakuna anayejua yule mufu alikuwa na cheo gani. Pengine alikuwa mukubwa wake. Usiku, milango ikifungwa na wageni wakienda kulala, yeye anaendelea kutembea. Hapo hakuna wa kumupiga picha. Vijana wanaosema ni maonyesho tu, waniambie: usiku anaonyesha nani?

Na munajua ulinzi ule ulianza namna gani? Kaburi lilipokuwa jipya, katika miaka ya 1920, familia zilikuja kutembea siku ya mapumziko, zikakaa juu ya jiwe lenyewe na kula chakula chao, kwa sababu kutoka pale unaona muji vizuri. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameanza kusahau, na vita ilikuwa haijatimiza hata miaka kumi tangu kwisha. Ndipo wakaweka mulinzi. Basi kijana wangu, jibu la kwanza ni hilo: mufu hawezi kukimbia, lakini sisi tunaweza kumukimbia, na tunamukimbia upesi sana.

Vita hiyo ilikuwa ile ya 1914 mpaka 1918. Iliharibu miili ya watu hata jamaa nyingi hazikupata mufupa wa kuzika. Tarehe 11/11/1920 Waingereza kule London na Wafaransa kule Paris waliheshimu, kila inchi, askari mumoja asiye na jina, awe kwa ajili ya wote. Wabeleji walifanya vilevile Bruxelles tarehe 11/11/1922. Waliweka masanduku matano, na askari mumoja aliyepofuka akachagua moja, ili asiweze kupendelea. Kila mama wa Ubelgiji aliyepoteza mutoto aliweza kusema: pengine ni wangu.

Vita ileile ilipita hapa kwetu. Waaskari wa Force Publique walisimama kwenye mupaka wa ziwa Kivu na milima ya moto, wakaingia Kigali mwezi wa 5 mwaka 1916, na tarehe 19/9/1916 wakaingia Tabora. Nyuma yao walikuwa wabebaji, maelfu kwa maelfu, sanduku la risasi kichwani, wakifa kwa kuhara, kwa njaa, kwa kuchoka. Makaburi yao yako wapi? Kule Dar es Salaam, tangu mwaka 1927, kuna askari wa shaba katikati ya barabara, bunduki yenye kisu mukononi. Anasimama kwa ajili ya waaskari na wabebaji Waafrika waliotumikia upande wa Waingereza. Tuseme yeye ni mulinzi ambaye zamu yake haibadilishwi. Lakini majina yao hayakuandikwa pale. Mwaka 2021 tume ya Waingereza na washirika wao inayotunza makaburi ya vita ilikubali kwamba wafu wasiopungua 116,000, na pengine mpaka 350,000, wengi wao watu wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, ao hawakukumbukwa hata kidogo. Watu 116,000! Ni muji muzima.

Inchini kwetu, Patrice Lumumba aliuawa mwezi wa kwanza mwaka 1961, na mwili wake ukaharibiwa ili kaburi lisiwepo. Jino moja tu lilirudi kutoka Ubelgiji mwaka 2022, nalo likawekwa Limete, Kinshasa, tarehe 30/6. Mwezi wa 11 mwaka 2024 watu waliingia mahali pale wakaharibu. Serikali ilisema jino ni salama, tunashukuru. Lakini muone: hata jino moja linahitaji mutu wa kukesha.

Biblia inajua aina mbili za ulinzi wa kaburi. Ya kwanza ni ya waaskari waliowekwa kwa kaburi la Yesu (Matayo 27). Wale waliwekwa juu ya woga, na kweli wakubwa waliogopa mufu ataibiwa, karibu sawa na kijana wetu wa korali alivyosema kwa kicheko. Ya pili iko katika 2 Samweli 21, na mahubiri juu yake ni machache. Watu saba wa nyumba ya Sauli waliuawa na kuachwa mulimani. Rispa, mama wa wawili kati yao, alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akifukuza ndege muchana na nyama wa pori usiku. Hakuwa na bunduki, hakuna aliyemutuma, hakuna aliyemubadilisha zamu. Wale watano wengine hawakutoka tumboni mwake, lakini kitabu hakisemi kwamba aliacha ndege waje kwa wale watano. Habari ikamufikia mufalme, naye Daudi akaona kazi imebaki nyuma: akakusanya mifupa, hata ya Sauli na Yonatani iliyokuwa mbali, ikazikwa kwa heshima. Kwangu mimi Rispa ndiye mulinzi wa kwanza wa munara wa vita, na munara wenyewe ulikuwa haujajengwa.

Sasa turudi barabarani kwetu. Tarehe 14/2/2024 bomu liliangukia kituo cha waaskari wa Afrika Kusini, wawili wakafa. Mwezi wa kwanza mwaka 2025, katika mapigano ya Sake na Goma, wenzao 14 walikufa. Tanzania na Malawi nazo zililia watoto wao. Jenerali Peter Cirimwami, gavana wa jimbo, aliumizwa vitani upande huu wa Sake, akafa. Tarehe 13/2/2025 masanduku 14 yaliteremshwa Afrika Kusini, kila moja na bendera yake, waaskari wenzao wakiyabeba, raisi wa inchi akiwa hapo. Ni vizuri, ndivyo inavyopasa. Lakini ninyi munajua tulioachwa nao huku. Soda wa Kongo aliyefia kwenye mashamba ya maharagi. Kijana wa Masisi aliyechukua bunduki na kundi hili, na ndugu yake aliyechukua bunduki na kundi lile. Mama aliyepigwa na bomu ndani ya hema la wakimbizi. Goma, kiisha mapigano, watu wa Musalaba Mwekundu walizika wengi ambao hakuna aliyekuja kuwatambua.

Mimi si mutu wa siasa, na gazeti hili si la siasa. Ninajua pia kuna wasomaji watakaosema: "Pasta, mufu wa upande ule aliniunguzia nyumba, munataka nimusimamie?" Sitakujibu kwa haraka, ndugu. Nakuuliza tu usome tena habari ya Rispa, na wale watano.

Neno lingine, na hili ni kali kidogo. Heshima ya kaburi bila heshima ya mujane ni muchezo. Nimeona sherehe ambapo viatu vilingaa, muziki ulipigwa sawasawa, na mujane wa mufu alikuwa amesimama nyuma ya kamba kwa sababu hakuwa na karatasi ya mualiko. Huyu huyu mujane anazunguka ofisi na bahasha ya makaratasi, anaambiwa rudi kesho, jina la marehemu halionekani kwenye lisiti. Kama jina halionekani kwenye lisiti, yule soda pale nje analinda nini? Kulinda mufu kunaanza na kulinda jina lake katika kitabu cha mushahara.

Kule Marekani mwaka 1998 walifungua kaburi la askari wao asiyejulikana wa vita ya Vietnam, kwa sababu maabara yaliweza sasa kumutambua. Alikuwa Michael Blassie, aliyeanguka na ndege mwaka 1972. Miaka 26! Mama yake alikuwa angali hai, akamuzika nyumbani. Shimo lile likaachwa wazi, hawakuweka mwingine. Walinzi hawakusema kazi imeharibika kwa sababu mufu amepata jina.

Sisi hatuna jiwe la marmari, na hatuna amri ya kuweka soda mahali popote. Lakini daftari tunayo. Nimezungumza na wazee wa kanisa: kila siku ya pili kiisha ibada, vijana wawili wa zamu watakaa mezani kwa mulango, na yeyote mwenye mutu aliyepotea ao aliyekufa katika vita hizi atakuja kusema jina. Wataandika jina lote, jina la mama yake, kijiji, mwaka, na mahali alipoonekana mwisho. Kundi lake hawataliandika. Kama kuna kaburi lenye namba tu, wataandika namba na mahali lilipo, pengine siku moja litapata mwenyewe. Wa kwenye mashimo ya Rubaya na Bisie waliofukiwa na udongo nao waletwe, nitafungua ukurasa wao. Vijana waje na kalamu ya bluu ao nyeusi. Ile nyekundu inafutika upesi na unyevunyevu wa huku.