Filamu tatu zilizotufungua midomo nyumbani

Natumai chakula cha mchana kimeliwa, sahani zimeoshwa na mwenye zamu, na sasa umejinyosha kwenye kochi ukitafuta la kutazama. Basi kabla hujainyakua rimoti kutoka mikononi mwa watoto, nipe dakika chache nikusimulie tulichotazama sisi siku hizi mbili tatu, mengine kwenye ukumbi wa sinema na mengine hapa hapa sebuleni.

Kila mtu ana mizani yake ya kupimia filamu. Vijana wa kwangu huhesabu magari yaliyolipuka. Binti yangu huangalia kama wapendanao walioana mwishoni. Baba Watoto hupima kwa usingizi: akianza kukoroma kabla ya nusu saa kwisha, basi filamu hiyo ni mbovu, na hakuna wa kumbishia. Mizani yangu mimi ni tofauti. Mimi hungoja filamu iishe, kisha hutega sikio kusikiliza watu wa nyumba watasema nini. Wakipiga miayo na kusema "Haya, tukalale," najua tumepoteza wakati. Lakini wakianza kuulizana yale ambayo siku zote tunayapita kando kama nyoka aliyelala, hapo najua tumeona filamu.

Tuanze na ya ukumbini. Watoto walinisumbua hata nikakubali kwenda kuona "Mufasa", ile filamu ya simba iliyotolewa Desemba 2024 na kuongozwa na Barry Jenkins. Kwenda sinema siku hizi si kama enzi za wazazi wetu. Wao walikuwa wakijazana katika pikapu, na mablanketi na viazi vya kuchemsha, wakaenda kuegesha gari kule Fox kando ya barabara ya Thika au Belle-Vue kwenye barabara ya Mombasa, wakatazama picha wakiwa chini ya nyota. Siku hizi ukumbi umo ndani ya jengo la maduka, kiti ni laini kama kitanda, na bei ya bisi peke yake inaweza kukutoa machozi kabla picha haijaanza. Mimi nilibeba njugu zangu mkobani. Usiniulize nilipita vipi mlangoni.

Filamu yenyewe ni hadithi ya namna Mufasa, baba yake Simba, alivyopata ufalme. Mafuriko yanamtenganisha na wazazi wake angali mdogo, naye anaokolewa na mtoto wa mfalme wa ukoo mwingine, jina lake Taka. Sisi tunaojua Kiswahili hatukosi kujiuliza: ni mzazi gani huyu anayempa mwanawe jina la Taka halafu atarajie mema? Mama wa Taka, Eshe, anampokea yatima kama wake. Baba, Obasi, anamkataa na kumwita mgeni siku zote. Mwishowe huyu wa kuokotwa ndiye anayeonyesha ushujaa, na yule mwana wa damu, aliyelelewa akiambiwa kwamba kiti ni chake tu, analiwa na wivu.

Maoni yangu? Picha zake ni za kustaajabisha. Unyoya mmoja mmoja wa simba unaonekana ukipeperushwa na upepo. Ila simba hao wamekuwa simba halisi mno hata nyuso zao hazijui kulia. Simba wa kuchorwa wa mwaka wa 1994 aliniliza, huyu wa sasa alinifanya nitikise kichwa tu. Nyimbo nazo si mbaya, lakini hakuna hata moja niliyotoka nayo mdomoni. Na akina Timon na Pumbaa wanaingilia hadithi kila inapoanza kunoga, kama yule jirani anayebisha hodi wakati wa habari.

Lakini sikiliza kilichotokea kwenye matatu tukirudi nyumbani. Miongoni mwa watoto wangu yumo mmoja ambaye alizaliwa na dada yangu. Dada alifariki kijana huyu akiwa na miaka minne, na sasa ana kumi na mmoja. Kwetu hakuna anayemwita yatima. Ni mtoto kama wengine, na hupata fimbo na chapati kwa kipimo kile kile. Tulipofika karibu na stani, akaniuliza polepole, "Mama, mimi hapa nyumbani ni Mufasa?"

Matatu nzima ilikuwa ikipiga muziki, lakini mimi nilisikia swali hilo tu. Nilimwambia, "Ndiyo, wewe ulikuja kama Mufasa. Na mimi ni Eshe. Lakini nyumba yetu haina Obasi." Akafikiri kidogo. Kisha akasema, "Na Taka?" Kaka yake mkubwa, ambaye nilidhani amelala, akajibu kutoka kiti cha nyuma, "Taka ni wewe mwenyewe usipotoa takataka kesho." Tukacheka sote tukashuka. Lakini tangu siku hiyo kijana amekuwa akiuliza habari za mama yake, jambo ambalo hakuwa akifanya. Filamu ya simba wasiojua kulia imefungua mlango ambao mimi kwa miaka saba nimekuwa nikisimama mbele yake nikingoja ufunguliwe kutoka ndani.

Ya pili tuliitazama nyumbani. Binti yangu alikuja nayo kwenye flashi kutoka chuoni, akidhani ni ngeni. Nilipoona jina nikacheka, kwa maana ni ya miaka ya mwanzo ya 1990, tuliyokuwa tukiazimana kwenye kanda za video hadi zikakwaruzika. Ni "Neria" ya Zimbabwe, iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya mwandishi Tsitsi Dangarembga. Neria na mumewe Patrick wamejenga maisha yao mjini kwa jasho la wote wawili. Mume anakufa ghafla katika ajali. Hata machozi hayajakauka, shemeji anayeitwa Phineas anaanza kubeba: gari, vyombo, kitabu cha benki, hadi nyumba na watoto. Na kila anachobeba anakiita mila.

Filamu hii ina mwendo wa zamani. Hapa na pale, hasa katika mambo ya mahakama, unahisi kama umekaa darasani. Hata hivyo, uso wa Jesesi Mungoshi, aliyeigiza Neria, unatosha. Hapigi kelele, na bado unamsikia. Naye marehemu Oliver Mtukudzi ndiye kaka yake Neria humo, na ndiye mwenye ile sauti na gitaa vilivyoifanya filamu hii isisahaulike.

Jioni hiyo jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuwa amepita kuazima sukari nasi tukamshikilia akae. Alitazama kimya, sukari mkononi. Phineas alipoanza kuhamisha viti, jirani akasema, "Huyu namjua. Yuko kwetu kijijini, ila huko ana jina lingine." Kisha akatusimulia namna walivyokuja baada ya arubaini, wakachukua hata cherehani ambayo alikuwa amenunua mwenyewe kabla ya kuolewa. Miaka sita tumeishi naye ukuta kwa ukuta, na hatukuwahi kusikia habari ya cherehani hiyo.

Baba Watoto hakusinzia. Jirani alipoondoka, alikaa akitazama skrini iliyokwisha kuzima, halafu akasema, "Kesho tuzitoe zile karatasi zote, tuketi na watoto wakubwa, kila mtu ajue ni nini kiko wapi na kwa jina la nani." Na ndivyo tulivyofanya.

Msomaji, nakuomba nawe ufanye hivyo, tena usingoje ugonjwa. Sheria ya Urithi ya Kenya imekuwa ikitumika tangu Julai 1, 1981. Inasema wazi kwamba hakuna ruhusa mtu kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, hata awe ndugu wa toka nitoke, na anayefanya hivyo ametenda kosa la jinai. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa ndoa inapofungwa, inapoendelea na inapovunjika. Kwa ndugu zetu Waislamu, Mahakama za Kadhi zipo kwa mambo ya mirathi. Sheria hizi zimekaa miaka mingi zikituangalia. Kinachomshinda mjane mara nyingi ni kwamba nyumbani hakuna aliyewahi kuzitaja.

Ya tatu ni ya kwetu, "Supa Modo", ya mwaka wa 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Ndiyo Kenya iliyoituma mwaka huo kuwania tuzo ya Oscar. Haifiki dakika themanini, lakini weka kitambaa karibu. Jo ni msichana mdogo anayependa mno filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Pia ni mgonjwa, na madaktari hawana tena la kufanya. Mama yake anamleta nyumbani kijijini. Dada mkubwa hawezi kuvumilia kumwona akikaa kitandani akihesabu siku, kwa hiyo anawashawishi wanakijiji waigize mbele yake kana kwamba kweli ana nguvu hizo. Mwishowe kijiji kizima kinaamua kutengeneza filamu, na stelingi wake ni Jo.

Unajua ile kanuni ya watoto kwenye vibanda vya video: stelingi hafi. Risasi zitanyesha kama mvua za masika, nyumba itaanguka, yeye atatoka akijikung'uta vumbi. Kijiji cha Jo nacho kina kibanda chake, na mwonyeshaji anayesimulia picha za kigeni kwa mbwembwe, kama afanyavyo DJ Afro wetu. Hapo ndipo uzito wa filamu hii ulipo. Watoto hao wote wanaijua kanuni, na kila mtu mzima anajua kwamba safari hii haitafuatwa.

Nilichokipenda zaidi ni ugomvi wa mama na binti mkubwa. Mama anataka mtoto apumzike, alindwe, abaki karibu naye kila dakika iliyosalia. Dada anataka acheze. Wote wawili wanampenda, na mtengenezaji wa filamu hakutuambia nani kakosea. Stycie Waweru, aliyeigiza Jo, anatazama watu wazima kwa jicho la mtoto anayejua zaidi ya wanavyodhani. Kasoro ninayoiona ni kwamba wanakijiji wote ni wema kupita kiasi. Kijiji kisicho na hata msengenyaji mmoja, mimi bado sijakiona.

Filamu ilipokwisha, kijana wangu wa miaka kumi na mmoja aliketi bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Mama yangu naye alijua?"

Nilimjibu ukweli. "Alijua. Ndiyo maana alikuleta kwangu yeye mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa bado anaweza kutembea." Hakulia. Aliuliza siku hiyo alikuwa amevaa nini, nikamwambia: sweta la rangi ya maziwa, lenye kifungo kimoja kilichopotea. Akasema sasa analikumbuka. Kama analikumbuka kweli, au ameanza kulikumbuka usiku ule, mimi sina haja ya kujua.

Basi msomaji, sikutumi ukanunue runinga kubwa. Nakuomba mambo matatu madogo. La kwanza, usiwape watoto filamu ambayo hujaijua. "Nairobi Half Life" ya mwaka wa 2012, kwa mfano, ni filamu kali sana, na Joseph Wairimu ameigiza kwa ufundi mkubwa, lakini matusi na damu yake si vya meza ya familia. Itazame wewe na mwenzako watoto wakishalala. La pili, angalau mara moja kwa wiki tazameni kitu kimoja, pamoja. Siku hizi kila mtu ana simu yake na filamu yake kwenye kona yake, na nyumba ya watu sita ina sinema sita, wala hakuna anayejua mwenzake alicheka nini. La tatu, ikiisha, usikimbilie kuweka nyingine. Zima, kaa dakika tano. Maswali makubwa ya watoto hayaji picha ikiendelea. Huja skrini ikiwa nyeusi, wakati ambapo wewe unatafuta viatu vyako.

Jumapili ijayo, tukijaliwa, nitakuambia niliyoyaona katika "Vuta N'kuvute", ile filamu ya Amil Shivji ya mwaka wa 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Binti yangu anasema Yasmin alifanya vyema kumkimbia mume aliyechaguliwa na wazazi. Mama mkwe wangu, aliyetutembelea wiki jana, ana maoni mengine kabisa, na hajamaliza kuyatoa.

Mchana mwema.